Ubao Unaoziba Chini ya Kabati

Nakumbuka ilikuwa Alhamisi, mwanangu, nimerudi kutoka Mashewa kumuuguza mama yangu. Hata mtandio sijavua, nikaingia jikoni kwangu kuhesabu maboksi ya marumaru. Sakafu yenyewe sikuitazama. Mwingine angeanza kusifu, maana jiko lilikuwa limegeuka: ile sementi nyekundu niliyoipiga deki miaka yote imefunikwa, marumaru nyeupe zimelala sawasawa, na makabati yangu ya mninga yanaonekana kama yameletwa jana. Mimi nilikwenda moja kwa moja stoo. Nilikuwa nimeacha maboksi kumi na moja. Kwa vipimo alivyonipa fundi mwenyewe, manane yangetosha na matatu yabaki. Halikuwapo hata moja.

Nakusimulia haya kwa sababu jana umenipigia simu unahema, unasema fundi wako huko Handeni ni mwizi, marumaru za jikoni hazijulikani zilikokwenda, na kesho unamwita mwenyekiti wa mtaa na majirani washuhudie unavyomfukuza. Ngoja. Usimwite mtu. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikufichi. Muuza mchele akinipimia, macho yangu yako kwenye vidole vyake. Marehemu baba yako alikuwa akinitania kwamba hata yeye siku ya harusi nilimkagua meno. Na sisemi nimeacha. Ila wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, jiko la ndani lenye makabati lilikuwa jambo la kuitia wageni, na nilijiona mjanja kuliko Korogwe nzima.

Fundi alikuwa kijana wa Kerenge, anaitwa Rajabu, mkewe ana mimba ya kwanza. Mikono mizuri, maneno machache. Kabla sijasafiri tulikubaliana aweke marumaru mpaka kwenye miguu ya makabati, basi, kisha arudishe ule ubao mwembamba unaoziba chini, pale vidole vya miguu vinapoingia ukisimama kuosha vyombo. Ubao ukisharudi, nani atajua huko nyuma kuna nini? Hayo nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu, tena nacheka.

Jioni ya Alhamisi ile akaja kuchukua vifaa vyake.

"Shikamoo mama. Pole na mgonjwa."

Nikaitikia kwa shingo upande. Akasema, "Mama, nilitaka nikueleze, huku chini ya makabati nilikuta..."

"Maneno ya mafundi nayajua," nikamkatiza. "Chukua vyombo vyako uende."

Akainama, akakusanya grenda yake ya kukatia marumaru na mwiko, akaaga kwa heshima. Hata heshima ile niliishuku. Nikajiambia, mtu asiye na hatia angegombana.

Ningeishia hapo ningesalimika. Lakini siku mbili baadaye jirani yangu Mama Tatu akaniambia amepita Kerenge, ameona kibaraza cha Rajabu kimewekwa marumaru. "Nyeupe kama zako, shoga." Damu ikanipanda kichwani! Na sikwenda kuangalia. Gari lilikuwapo, miguu ninayo, sikwenda. Nilikuwa nimeshaona kila kitu kichwani mwangu, maboksi matatu yanashushwa kwa baiskeli, mkewe anayapokea.

Wiki ile kulikuwa na harusi mtaani, tukakaa wanawake kuchambua mchele. Unajua palivyo: nyungo mapajani, mikono ina kazi yake na midomo ina kazi yake. Jambo likisemwa pale asubuhi, jioni limefika Mombo. Nikalisema lote. Jina nikalitaja, na kijiji. Nikaongeza na boksi la nne, ambalo halikuwapo kabisa. Mungu anisamehe, lilinitoka tu kwa sababu walikuwa wananisikiliza vizuri.

Kati yetu alikuwapo mama mmoja wa Ngombezi ambaye Rajabu alikuwa aanze sakafu ya nyumba yake. Wiki haikuisha, kazi ile akapewa mwingine. Kisha na nyingine. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemuuliza. Waliacha tu kumwita.

Ikapita miezi minne. Asubuhi moja naona maji yanatoka chini ya ule ubao, yanatambaa sakafuni. Na hapo pia nikamshuku yeye, nikasema ametoboa bomba makusudi ili anikomoe! Nikachukua kisu cha mkate, nikakata gundi ya silikoni pembeni, nikang'oa ubao, nikalala kifudifudi nikamulika kwa tochi.

Marumaru hazikuishia kwenye miguu ya makabati. Zilikwenda mpaka ukutani, kona kwa kona, mistari imenyooka kule gizani sawa na mbele wanapopita wageni. Na miguu yenyewe ilikuwa imekatwa chini, ikaungwa mbao mpya, zimepakwa oili chafu ile wanayozuia nayo mchwa. Nikaelewa alichotaka kunieleza. Alipotoa ubao wa zamani, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, alikuta mchwa wanapanda kwenye ufa wa sakafu na wameshaila miguu. Angeweza kufunika kama nilivyomwagiza, na ndani ya mwaka makabati yangelala chini. Badala yake aliyatoa yote, akakata palipoliwa, akaziba ufa, akaweka marumaru huko kote, akayarudisha. Hata ubao aliuchonga upya, kwa kuwa sakafu ilishapanda na ule wa kwanza usingeingia. Maji yalikuwa ni mpira wa sinki umelegea. Niliukaza kwa mkono.

Maboksi yangu matatu yalikuwa pale, mbele ya macho yangu. Nililia pale pale chini, mwanangu, kwa aibu.

Nikaenda Kerenge. Kibaraza nilikikuta, na marumaru nilizikuta: vipande vilivyokatika, hakuna kinachozidi kiganja, kavipanga kwa subira kimoja kimoja. Ndivyo nilivyovihesabu mimi kuwa wizi. Mkewe, mtoto mgongoni, akaniambia mumewe sasa anakata mkonge Ngombezi. Nikamfuata huko, nikamkuta kwenye nyumba za vibarua, mikono imechanwachanwa na miiba.

"Shikamoo mama," akasema.

Nikaitikia marahaba. Nikamwomba radhi, nikamweleza kila nilichosema na mahali nilipokisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, mimi ambaye sikumpa hata sentensi moja.

"Mimi nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini mimi sikuwapo kwenye mchele. Kawaambie waliokuwapo."

Nikangoja harusi nyingine. Nikasimama na ungo wangu mkononi, nikasema yote, na lile boksi la uongo nikalitaja. Nilidhani watafurahi. Mama Tatu akauliza, "Kwani amekupa nini?" Wakaangua kicheko. Jioni nikasikia eti kijana ameniroga. Wengine wakasema kuna jambo kati yangu na yeye, ndiyo maana nilimfuata mpaka Ngombezi. Kile nilichowafundisha kumfanyia Rajabu, sasa wananifanyia mimi! Nikawaalika nyumba kwa nyumba, njooni jikoni niwatolee ubao mwone wenyewe. Walikuja wawili.

Kwa hao wawili Rajabu alipata kazi, kisha akahama. Na mpaka leo zipo nyumba hapa ukitaja jina lake wanakuambia, aa, yule mwizi wa marumaru. Wanaosema hivyo wengine walikuwa hawajazaliwa.

Sasa shika ninalokuambia. Kushuku sikukatazi, nyumba ni yako na jasho ni lako. Lakini mwite fundi wako peke yake, umwambie akutolee ubao wa chini ya makabati. Upige magoti mwenyewe, umulike mpaka ukutani. Akianza kueleza, mwache amalize. Ukikuta patupu, mwite huyo mwenyekiti, na mimi nitapanda gari la kwanza nije tugombane naye pamoja. Ukikuta kazi imefanyika, mshukuru mbele ya wale wale uliotaka wamwone anafukuzwa. Na kabla hujaona, usimwambie mtu, hata mimi mama yako, maana na mimi nina mdomo.

Mungu akulinde na ulimi wako na ndimi za wenzako, jiko lako liwe na chakula na amani, na kila atakayeingia kukufanyia kazi atoke mlangoni na jina lake zima. Amina.