Homurani za Shamba la Ikupa

Ikupa hajui besiboli. Ukimuuliza, atakwambia wanapiga, wanakimbia, halafu wanarudi pale pale walipotoka, sasa faida yake nini? Lakini uwanja ni wake. Ni kipande cha shamba lake huku Inyala, nje ya jiji la Mbeya, alichokiacha kipumzike, akawaazima vijana wa Mwalimu Kasian wachezee. Uzio hawana. Walikubaliana tu kwamba mpira ukizama kwenye mahindi ya Ikupa, hiyo ni homurani: mpigaji anazunguka vituo vyote kwa raha zake na hakuna wa kumtoa.

Na mwaka huu, jamani, homurani zilikuwa za mtu mmoja. Gwakisa, kitinda mimba wa Ikupa, mpakia viazi kwenye malori, alimaliza duru ya kwanza ya ligi na homurani kumi na nne. Aliyemfuatia, Saulo wa Iringa, alikuwa na sita. Gwakisa akivuka barabara, bodaboda wanampigia honi. Hata kanisani watu walianza kumpisha kwenye benchi, kijana ambaye mwaka jana hakuna aliyemkumbuka.

Sasa sikia alichofanya huyu mama. Mwaka jana Gwakisa alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Makongolosi mikono mitupu, akawa mtu wa kulala na kununa. Kilichomtoa ndani kilikuwa hiyo besiboli tu. Basi mechi moja akapiga mpira mzuri, ukaishia karibu kabisa na mahindi, ukadakwa. Alirudi nyumbani kama mtu aliyefiwa, chakula hakugusa. Ikupa roho ilimuuma. Mvua za kwanza ziliponyesha alishika jembe, akalima kusogea mbele, akapanda mistari mipya kuelekea uwanjani, mingi tu. Shamba lake, nani angemuuliza? Mahindi yaliporefuka, uwanja ulikuwa umefupika na hakuna aliyeshtuka. Wageni nao walifaidi, sikatai, ila hawakuwa na mikono ya Gwakisa.

Furaha yake ilikatika siku Mwalimu Kasian alipokuja mbio kupiga hodi.

"Mama Gwakisa, mambo yameiva! Jumamosi tukicheza na Iringa wanakuja wachaguzi wa timu ya taifa. Wakimpenda Gwakisa, anaenda kambini Dar es Salaam, kwenye uwanja wenye uzio wa kweli."

Ikupa moyo ulimlipuka. Uzio wa kweli! Mwanawe angepelekwa huko na sifa zake zote, mipira iangukie njiani mbele ya watu wasiomjua, na mkosaji ni mama yake mzazi. Jioni alimkuta Gwakisa uani akinawa miguu.

"Mwanangu, yale mahindi ya mbele niliyapanda kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu kivipi?"

"Ili mipira yako ifike."

Gwakisa aliacha kunawa, maji yakimchuruzika miguuni. "Kwa hiyo zile homurani zote..."

"Si zote!" Ikupa alidakia. "Ile moja ilimpiga ng'ombe wa jirani Obeid huko malishoni!"

Gwakisa hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango, na Ikupa akabaki analia kando ya ndoo.

Jumamosi, wachaguzi wakiwa wameshakaa, Gwakisa alitoka na panga akaanza kufyeka mistari ya mbele. Wenzake waliruka. "We umechanganyikiwa? Leo?"

"Gwakisa!" Mwalimu Kasian alifoka. "Unafanya nini?"

"Mpaka wa mahindi ulikuwa huku nyuma, Mwalimu. Mama aliusogeza."

Ikupa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Halafu akaenda kuchukua panga lake, akaanza kufyeka upande wa pili. Walikutana katikati. Mahindi yenyewe yalikuwa bado mabichi, Ikupa akayachuma akayabandika jikoni kwa ajili ya wachezaji.

Mechi ikaanza. Gwakisa alipiga mpira wa kwanza ukapaa, watu wakainuka wakipiga kelele, ukashuka palipofyekwa. Saulo alikuwa chini yake, akaudaka. Wa pili, vilevile. Mara ya tatu akapiga hewa. Wachaguzi walimpa Saulo mkono, wakapanda gari lao wakaenda. Ikupa alitamani ardhi impasukie immeze.

Gwakisa alikuja akakaa naye kwenye majani, akachukua hindi la kuchemsha kwenye beseni, akalitafuna mpaka nusu.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Mwakani hapo mbele panda maharage."

"Maharage?"

"Mafupi hayo. Mpira ukianguka nitauona mwenyewe umeishia wapi."

Ikupa alitaka kuomba msamaha, akaishia kujifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nitapanda," alisema. "Tutapanda wote."