Sauti ya Bibi kwenye Simu

Bibi yangu hakuwa na adabu kwangu, wala mimi sikuwa na adabu kwake. Kwetu Mapera mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na wake wenza hawasalimiani kwa upole. Nilikuwa nikiingia uani asubuhi nasema, "Bado hujafa tu?" Naye anajibu bila kuinua macho kwenye maharage anayochambua, "Nife nikuachie mume wangu? Tangulia wewe." Mume mwenyewe, babu yangu, alishazikwa siku nyingi, tulikuwa tunamgombania tu kwa mazoea. Wakubwa wengine wote niliwaamkia shikamoo, tena kwa kupiga goti. Yeye, hata siku moja.

Ndiye aliyenilea. Mama alinizaa, akaniacha mgongoni kwa bibi, akaenda zake. Nilikulia kwenye mteremko wa kahawa, nikachimba naye ngolo, yale mashimo ya kuzuia mvua isishuke na shamba, na kila nilipokosea alinirushia donge la udongo. Alikuwa Mkatoliki wa rozari na misa ya kwanza. Nilipookoka nikaenda kubatizwa ziwani, kule Kihagara, kwa kuzamishwa mzima mzima, alinipokea na maji ya moto ya kuoga, maana nilirudi natetemeka kwa homa. "Mara ya pili hii," akasema. "Kwani ubatizo wa kwanza ulichuja?"

Kanisa likanichagua kwenda Ulaya kwa mafunzo ya umisionari, miezi mitatu. Baba yangu mdogo alikuwa mzee wa kanisa hilo, na ndiye aliyelipigania jina langu. Wakati huo bibi alishaanza kuumwa. Miguu ilikuwa imevimba, macho yameingia ukungu, ananijua kwa sauti. Nilitaka kukataa safari. Alinishika kifundo cha mkono akanibana.

"Nenda, usinitafutie sababu. Ila nikifa unioshe wewe. Sitaki mkono wa mtu mwingine. Shangazi zako wana kucha."

"Nitakuosha hata ukinuka," nikamwambia.

"Nitanuka makusudi."

Tulicheka mpaka akapaliwa. Halafu nikamgeukia baba mdogo, mbele yake bibi, nikasema akizidiwa niambie siku hiyo hiyo, nitarudi hata mafunzo yakatike. Akasema, "Nitakuambia, mwanangu. Wasiwasi wa nini?" Hilo ndilo nililoondoka nalo. Mengine yote yalikuwa nguo na sabuni.

Huko Ulaya tulikaa kwenye jumba katikati ya msitu, vijana wa nchi mbalimbali. Simu zetu ziliwekwa kwenye kapu, tukapewa Jumapili mchana tu, eti tusikie sauti ya Mungu vizuri. Tulifundishwa kuhubiri mitaani kwa maigizo yasiyo na maneno, tumevaa nyeusi juu mpaka chini. Mimi nilipewa nafasi ya mwenye dhambi aliyefungwa kamba. Kila Jumamosi nafungwa mimi, na kila Jumamosi anayenifungua ni binti wa kwao mwenye nywele za njano. Nilipouliza kama siku moja tunaweza kubadilishana, walicheka kwa upendo.

Kisha tukafundishwa kutoa ushuhuda. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mrefu, sauti yake ya kubembeleza kama anaongea na mtoto mwenye surua. Nilimsomea wangu: nimelelewa na bibi, tulikuwa na mahindi, maharage na kahawa, nikampenda Yesu. Akanitazama kama mtu aliyekata parachichi akakuta halijaiva.

"Na uchungu uko wapi?" akauliza. "Hakuna aliyekupiga? Hukulala na njaa? Bibi yako hakuwa na mambo ya kichawi?"

Nikasema bibi yangu ni Mkatoliki. Akaandika kitu, akasema tuendelee kumwomba Mungu anifungue. Loo! Nilijiona fukara kweli, tena fukara wa shida.

Jumapili moja baba mdogo akaniambia bibi amezidiwa, hali chakula. Nikasema narudi. "Subiri kwanza," akasema. "Usifanye haraka. Wewe omba huko, sisi tunaomba huku." Nikaomba niongee naye, akasema amelala. Nilikwenda kwa mwalimu nikilia, nimeshikilia ile simu sitaki kuirudisha kapuni, nikamwambia niliahidi. Na yule mama, Mungu anisamehe, uso wake ulinawiri. Akaita darasa zima. Wakaweka kiti kitupu katikati ya ukumbi, wakasema hiki ndicho bibi, tukakiwekea mikono. Wiki nzima tulikiombea kile kiti, kwa zamu, mpaka kikawa na alama za vidole. Nikabaki. Nilijiambia nikiondoka sasa nitakuwa sina imani.

Jumapili iliyofuata nikapiga simu na darasa limenizunguka, sauti imewekwa ya wote kusikia. Baba mdogo akasema, "Ameamka! Amekunywa uji! Ongea naye." Kikapita kikohozi kile kile cha bibi, kikavu, cha moshi wa miaka mingi, halafu sauti yake yenye mikwaruzo.

"Mjukuu wangu. Nimepona. Asanteni sana kwa maombi yenu. Mungu akubariki wewe na hao wenyeji wako."

"Bado hujafa tu?" nikamuuliza, machozi yananitiririka.

Akakohoa tena. "Bado, mwanangu. Kwa neema."

Nikatafsiri. Watu waliruka, wakakumbatiana, mmoja akapiga gitaa. Nilimwambia mwalimu kwamba bibi hajawahi kuniita mwanangu wala kunibariki, tangu nizaliwe ananitukana. "Unaona?" akasema. "Mungu amemlainisha." Nikaona ni kweli amelainishwa. Siku ile ile wakanirekodi. Ushuhuda wangu ulikuwa umeiva, wakautuma kwenye makanisa yao yote, na mimi nikanunua soksi za sufu, nene, za ile miguu iliyovimba.

Niliporudi baba mdogo alikuja kunichukua stendi ya Mbinga na gari la kanisa. Njia nzima aliongea. Alisema habari za mvua, za kahawa, za daraja lililobomoka, hakuacha hata upenyo wa kukohoa. Kila nilipouliza bibi hajambo, alisema, "Tutafika."

Tulipozunguka kona ya chini ya nyumbani nikamwona. Kitenge chake cha maua ya kahawia, kilemba chake cha kijani, fimbo yake, anashuka barabarani akichechemea mguu wa kushoto vile vile. Nikasema simamisha gari. Baba mdogo akasema, "Subiri, mwanangu, subiri kwanza," lakini nilishafungua mlango likiwa bado linatembea.

"Mke mwenzangu!" akapiga kelele. "Wazungu wamekuchoka?"

Nikamkumbatia na soksi mkononi. Akanuka sabuni. Bibi yangu alinuka moshi na ugoro. Nikainua uso, nikaona si yeye, ni mtani wetu.

Huyu mtani ni mama wa Kingoni anayekaa ng'ambo ya bonde. Babu zake na babu zetu walipigana zamani, na vita vyenyewe vimebaki matusi ya kuchekeshana. Lakini ana kazi moja kubwa. Kwetu akifa mtu, mtani huja msibani, huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kwa sauti yake, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Huyu hana mpinzani, akimwiga mtu hata mbwa wa marehemu hutikisa mkia. Na aliyekosa mazishi huja kuchezewa siku akifika. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa neno. Mtani haingii ndani ya nguo za mtu aliye hai.

Alinitazama usoni, akaona. Akamtazama baba mdogo aliyekuwa anashuka garini polepole.

"Hujamwambia?" Akavua kilemba pale pale. "Wee mwanamume, hujamwambia?"

"Nilikuwa namwambia tukifika," baba mdogo akasema.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Baadaye ndiyo nikajua kwamba Jumapili ile niliyoambiwa amezidiwa, walikuwa wametoka makaburini, baba mdogo hata hajanawa udongo. Kwenye kile kiti tulimwombea mtu aliyekwisha kuzikwa. Na nilipoikumbuka ile simu ya pili, ile sauti, nikamgeukia mtani. Hakungoja nimuulize.

"Walinifuata," akasema. "Wakasema mtoto yuko ugenini atachanganyikiwa, mchezee kidogo mpaka amalize. Nikakubali. Nilijua utanikamata kwa neno la kwanza."

Baba mdogo alijitetea kwa ukali, kama mimi ndiye niliyemkosea. Ningerudi, alisema, kanisa lisingepewa nafasi nyingine. Tena ningerudi kufanya nini? Kumfufua? Shangazi zangu walimwosha, tena vizuri. Nikamwambia kwa kucha zao. Akaniambia mafunzo yamenipa kiburi.

Kesho yake mchungaji akaja kutoka kule ziwani kutoa pole. Alitoa pole, akanywa chai, halafu akasema wale wafadhili wa Ulaya wanaomba picha fupi ya video ya bibi aliyeponywa, akiwasalimia. Macho ya baba mdogo yalikwenda kwa mtani aliyekuwa anatwanga upande wa jikoni. Aka! Nilisimama nikawaambia maneno ambayo mlokole hasemi, nikaimwaga chai ya mchungaji uani. Mwalimu nilimwandikia ukweli wote mwenyewe. Alijibu kwa upole kwamba basi bibi amepona uponyaji mkubwa zaidi, wa mbinguni, na kwamba ushuhuda wangu unaendelea kuwagusa wengi. Mpaka leo unaonyeshwa. Nimo humo nalia kwa furaha.

Mtani ndiye aliyenipeleka kaburini. Alikuja na nguo zake mwenyewe, akatembea kwa mwendo wake. Tukang'oa majani, tukakaa. Nikamuuliza bibi alikufaje, nikamwomba aniambie kwa sauti yake mwenyewe na asinichezee.

"Alikuulizia wewe," akasema. "Kila mtu akiingia anauliza ni wewe. Wakamwambia uko njiani. Akasema basi anangoja. Akangoja siku nyingi, hali, hanywi, roho haitoki. Baba yako mdogo akaona anateseka. Akanituma niingie kama wewe."

Sikuamini masikio yangu. "Ukaingia?"

"Niliingia. Alikuwa haoni kabisa. Nikapiga goti pale kitandani, nikachukua sauti yako, nikasema shikamoo bibi, nimefika."

"Akasemaje?"

Mtani akang'oa jani jingine, akalitupa.

"Akasema, mtoeni huyu. Mke mwenzangu hana adabu. Akageukia ukutani."

Neno moja tu alilisikia, naye yuko kwenye kukata roho, akajua si mimi. Mimi nilikuwa mzima, nina macho na masikio yangu mawili, nikaambiwa mwanangu, nikaambiwa kwa neema, na nikatafsiri.