Bajaji ya Kwanza ya Shemeji

Nilirudi Ujiji wakati ziwa limefungwa ili samaki wazaliane. Nilitokea Mbeya, na kabla ya hapo Mwanza. Mimi mji mmoja haunikalishi. Nilimkuta shemeji yangu, mume wa dada, amekaa tu. Yeye ni fundi wa boti, na wavuvi wasipovua hawaagizi boti. Dada aliniambia jikoni kwamba sasa wanapika mara moja kwa siku. Kesho yake nikasikia kuna ghala njia ya Mwandiga ambako bajaji huletwa zikiwa vipande na kuunganishwa, na kwamba wanatafuta fundi mmoja. Nikamsindikiza shemeji kwenda kujaribiwa.

Msimamizi, mwanamke wa miaka kama thelathini, alimpa shemeji ovaroli. Mimi akaniruhusu kutazama, mradi nisivuke mstari wa njano.

Reli mbili zililazwa sakafuni toka mlango hadi mlango. Fremu tupu inapandishwa juu ya kitoroli upande mmoja, inasukumwa: huyu anafunga injini, yule magurudumu, yule taa, yule viti, hadi turubai. Kila mtu anakaza vyake, anasukuma, anageukia inayofuata. Hakuna aliyeharakisha. Nilipewa kiti nikasahau kukikalia.

Shemeji alipewa magurudumu ya nyuma. Aliyafunga vizuri, na bajaji iliposukumwa, akaifuata. Akamshikia taa fundi wa taa. Ikaenda kwenye viti, naye yumo. Nyuma yake fremu mbili zilikuwa zinasubiri magurudumu.

“Mzee, unasindikiza bibi harusi?” fundi wa taa aliuliza. Wenzake wakacheka.

“Hii nimeianza mimi.”

Nilijua kinachomsumbua. Ufukweni kwetu, fundi aliyeanza boti haiachi mpaka iguse maji. Akiumwa huletewa kigoda akae kando yake. Akiiachia njiani kisha ikavuja, jina linaloharibika ni lake.

Msimamizi akasimamisha kazi. Nikaanza kuwaza nitakavyomweleza dada.

“Mzee wangu, hapa bajaji haina mwenyewe. Ukiifuata moja, nyingine zote zinasimama.”

“Na gurudumu likichomoka barabarani?”

“Kule mwisho yupo anayekagua.”

“Ananijua?”

“Ya nini akujue? Anapima kila nati.”

Shemeji alikuna kidevu. “Basi niache nimwone. Hii moja tu, mama.”

Msimamizi alitazama saa. “Hii moja.”

Akaenda nayo hadi mwisho. Mkaguzi alijaribu nati zote kwa spana ndefu, hakuna iliyosogea. Shemeji akarudi kwenye magurudumu yake. Zilizofuata aliziachia, ila kila moja aliisindikiza kwa shingo.

Saa kumi kengele ikalia. Mbele yake ilibaki bajaji yenye gurudumu moja la nyuma. Wenzake walikuwa wameshaanza kunawa, yeye bado ameshika spana.

“Acha hivyo, mzee,” msimamizi alisema.

“Inalala hivi?”

“Inalala. Atakayekuja kesho ataimalizia.”

“Nani huyo?”

Msimamizi akamtazama kidogo. “Wewe, kama unataka.”

Shemeji akavua ovaroli, akaikunja, akailaza juu ya fremu, upande usio na gurudumu. Njia nzima hadi Ujiji hakutaja habari ya kupata kazi. Tulipofika alimwambia dada tu kwamba kesho amwamshe mapema.