Mkono Mmoja Uliosema Hapana

Marehemu kaka yangu alifundisha uraia katika sekondari moja kwa miaka ishirini na sita, na wanafunzi walimwita Katibu Mkuu. Jina hilo lilitokana na Ijumaa zake. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, kidato cha tatu kiligeuka mkutano wa mataifa. Kila mwanafunzi aliokota kikaratasi kwenye kofia, akawa nchi. Waliookota zile nchi kubwa tano walikalia viti vyenye mito kutoka chumba cha walimu, wengine wote wakabanana kwenye mabenchi. Walipiga kura, lakini mkubwa mmoja tu akisema hapana, hoja imekufa; hiyo ndiyo kura ya turufu. Nilipomuuliza mito ya nini, alinijibu, "Somo lingine halipiti masikioni, dada. Linapitia makalio."

Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alijipigia pasi mashati, hakugusa hata kipande cha mkate kabla ya kusali, na hakuwahi kuniambia kwamba anaumwa. Mungu alinipa kaka mmoja tu, akamchukua Alhamisi asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu. Daktari alisema ni moyo. Akasema angewahishwa siku chache kabla, huenda... Hakumaliza, nami sikutaka amalize.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda shuleni kuchukua vitu vyake. Ofisi iko ghorofa ya pili. Nilisimama mara mbili kwenye ngazi kuvuta pumzi, nikasingizia umri. Kabatini nilikuta koti, kengele ya mezani, miwani yenye mguu uliofungwa uzi, na daftari la kumbukumbu za ile mikutano. Nilifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, nione tu mwandiko wake.

"Hoja: Katibu Mkuu ameshika kifua mara tatu, aende hospitali leo. Ndiyo: thelathini na nane. Hapana: moja, nchi kubwa. Hoja imeanguka. Tumeendelea na mada."

Nilirudia kusoma. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa, siku sita kabla hajafa. Darasa zima lilijua! Mimi dada yake, niliyekula naye meza moja Jumapili ile, sikujua.

Nikashuka hadi darasa la kidato cha tatu, daftari mkononi.

"Shikamoo, shangazi!" Walisimama wote.

"Marahaba. Nani alisema hapana?"

Sauti ikatoka nyuma: "Ni Turufu, shangazi. Siku hizi ndilo jina lake."

"Nyamaza wewe! Si ulicheka mpaka ukaanguka kwenye benchi?" mwenzake akamkatiza.

Msichana mmoja mwembamba akabaki amesimama wengine walipokaa. "Ni mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Tulikuwa hatumwamini mwalimu. Tulimwambia haiwezekani. Watu wazima, wana suti, wana walinzi, mmoja akatae jambo jema na dunia nzima ikae tu ikitazama! Sisi tulijua nchi kubwa ni kama mzazi. Ukiumwa, anakuja na ndege na dawa."

"Mimi nilijua Umoja wa Mataifa ni polisi wa dunia," akadakia yule wa nyuma. "Anayekataa anakamatwa."

"Basi nikanyoosha mkono nione," msichana akaendelea. "Nilijua atacheka, halafu aende."

"Akafanya nini?"

"Akacheka. Akasema, 'Turufu ni turufu. Mmeona sasa?' Akarudi ubaoni. Kengele ilipolia nikamfuata, nikamwambia nimefuta kura yangu. Akasema nilete hoja upya wiki ijayo."

Wiki ijayo! Ijumaa hiyo tulikuwa tunamzika.

Nakiri mbele ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi yule mtoto. Mkono wangu ulikwisha kuinuka. Kisha nikamwona anavyousubiri, hata hakukwepa, nikaushusha.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemwua?"

"Hapana," nilisema, na hasira yangu yote ikahamia kwa marehemu, Mungu anisamehe. "Kaka yangu alikuwa na miguu. Alikuwa na dada. Alihitaji kibali chenu cha nini? Alitaka somo liingie, akasahau kwamba kifua ni cha kweli."

"Basi chana huo ukurasa."

"Sichani. Ni mwandiko wake."

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa na mto. Pumzi haikutaka kurudi vizuri.

"Shangazi," msichana alisema taratibu, "umeshika kifua."

Nikatazama. Kweli, mkono ulikuwa pale, sijui tangu saa ngapi.

"Ni zile ngazi tu."

Yule wa nyuma akauliza kwa sauti ya woga, "Tupige kura?"

"Hatupigi kura!" msichana alipiga kelele, machozi yakimtoka. Alikwisha kuchukua mkoba wangu. "Zahanati iko nyuma ya uwanja. Twende."

Nilifungua mdomo kumwambia nitakwenda wiki ijayo. Maneno yale yale ya kaka yalikuwa tayari ulimini mwangu, na yakanitisha kuliko kifua chenyewe. Nikampa mkono, nikasimama.