Babu Shuimu Aomba Kufia Chini

Kama hujamwona mtu akianguka chali kutoka juu ya meza mbili zilizopandanishwa, basi hujamwona jirani yetu, Babu Shuimu, akifa. Katika mchezo wa sikukuu ya hekalu letu yeye ni mmoja wa majambazi wa mlimani, yule anayekaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Ana maneno mawili tu: "Nipo, kaka!" Halafu anatumwa vitani, anachomwa mkuki, anaanguka. Basi. Hata haielezwi alitokea wapi.

Hakuichagua kazi hiyo. Utotoni aliugua mpaka wakamkatia tamaa, mama yake akaweka nadhiri kwa mungu wa hekalu: mwanangu akipona, atakupigania jukwaani kila sikukuu yako. Akapona. Mama alishafariki, nadhiri ipo palepale. Siku hizi Babu akitoka kuchuma mabalungi shambani, magoti yake yamevimba kama mabalungi yenyewe.

Mwaka huu, asubuhi ya sikukuu, alikwenda kumwuliza mungu. Sisi huuliza kwa kurusha vibao viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mungu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka tu, hajajibu.

Akarusha. Chali vyote. Akarusha tena. Chali.

"Mungu anacheka, wewe unataka kulia," mkewe, Bibi Qiaolan, akasema. "Kwani umemwuliza nini?"

"Niache mchezo, na magoti yapone, na mvua..."

"Mzee wewe! Hapa hekaluni au sokoni? Omba moja!"

Babu akakaa juu ya mto wa kupigia magoti. Nilidhani anafikiri, kumbe anapumzika. Akaingia mkuu wa kikundi, Mjomba Rongfa, nusu ya uso imeshapakwa rangi nyekundu.

"Kaka, ukiacha, nani atakufa? Vijana wote wako viwandani."

"Kufa nitakufa," Babu akasema. "Meza ndizo siziwezi."

Akainuka kwa kushika ukuta, akamgeukia mungu. "Baba, naomba nife chini."

Akarusha. Kimoja chali, kingine kifudifudi. Lakini jibu lazima lirudi mara tatu mfululizo. Ya pili, ndiyo. Ya tatu, kimoja kikatua chali, kingine kikabingirika hadi chini ya meza ya sadaka. Bibi Qiaolan akalala sakafuni kuchungulia.

"Asikiguse mtu! Kifudifudi! Kifudifudi kabisa!"

Jioni, adui alikuwa bado anazungusha mkuki wake kwa mbwembwe, Babu akapiga goti, akazipanga vizuri bendera ndogo za vazi lake la vita, zilizofungwa mgongoni, zisivunjike, akajinyoosha jukwaani.

"Bado hujachomwa!" bibi mmoja kati ya watazamaji akapaza sauti.

"Najua," Babu akajibu, macho kafumba. "Endeleeni tu."

Vita vikaendelea, watu wakimruka. Wenzake walipokuja kubeba maiti, Bibi Qiaolan aliwaashiria kutoka mbele ya jukwaa wamwache kidogo apumzike.