Anayefanana na Tonton Felisi

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, hapa Kisangani, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu na visikilizio masikioni. Nilikuwa nimempenda mwimbaji mmoja wa kantri wa ng'ambo, na simu ilijua kunitafutia wanaofanana naye. Nikimsikiliza mmoja, inaniletea watatu: wa folki, wa kantri iliyochanganyika na roki, wote magitaa na safari ndefu. Megabaiti zilikwisha kabla ya hamu. Nisamehe nikikuita mwanangu na kichwani sina hata unywele mweupe. Majuto huzeesha kuliko miaka.

Tonton Felisi, kaka ya mama yangu, aliingia akipangusa maji kwenye kofia yake pana ya kauboi. Tangu ujana wake alikuwa akipiga gitaa ndani ya gari la moshi la Ubundu, hasa pale gari linapoharibika msituni na abiria wanaanza kununa.

“Unatafuta nani mu ile telefone?”

“Mutu mwenye anafanana na huyu, Tonton.”

“Anafanana namna gani? Pua?”

Nilimpa kisikilizio kimoja. Alisikiliza amefumba macho, kisha akachukua gitaa na kupiga wimbo wake mwenyewe, kidole gumba kikitembea taratibu chini kama mtu afuataye reli, kidole cha pili kikicheka juu. Ulifanana na ule wa simuni kama ndugu wa tumbo moja.

“Hii tulipiga tangu mama yako iko mutoto,” akasema.

Wakati ule sikukubali neno bila ushahidi, hata la padri.

“Preuve iko wapi, Tonton?”

Aliinua kidole gumba. “Iko hapa. Bon, kamata gitare nikufundishe.”

“Kesho, Tonton.”

Nikarudisha kisikilizio sikioni. Aliendelea kupiga kidogo, peke yake, kisha akaliweka gitaa chini.

Kesho ile sikuifikia. Mvua za mwaka ule hazijaisha, kiharusi kikamshika mkono wa kuume. Wenzake wa kwenye gari la moshi walikwisha kufa au kutawanyika. Hakuna aliyewahi kuurekodi wimbo ule, hata mimi niliyekuwa na simu mkononi.

Siku hizi, Jumapili baada ya misa, nakwenda kwake na simu. Yule mwimbaji wangu nimemwacha. Natafuta anayefanana na Tonton. Namwekea mmoja baada ya mwingine, wa folki, wa kantri, wa nchi ambazo hatutazifikia. Anavaa kofia yake ndipo asikilize. Namtazama kidole gumba. Hakitikisiki.

“Iko karibu,” huniambia, kwa upole unaoniumiza. “Lakini si yeye.”

Mwanangu, nimebishana na methali nyingi za wazee, na bado nabishana nazo. Ile ya majuto ni mjukuu sijaipatia jibu. Uliza maswali, usiache kamwe. Ila aliye karibu nawe akigusa uzi wa gitaa, vua visikilizio, msikilize mpaka mwisho, ndipo uulize. Wale wa kwenye simu utawakuta hata mwakani.

Mungu akupe masikio mapema, na akukutanishe na watu wako vidole vyao vikiwa bado vinakumbuka.