Wadudu wa Meno, Pareto Ikichanua

Nikiwa mtoto kule Olenguruone, pareto ikichanua nilijua mateso yangu yamefika. Pua inaziba, kaakaa linawasha, halafu meno ya juu yanauma, na nikiinama kuchuma maua yanauma zaidi. Nililala mdomo wazi. Mama akasema wadudu wa meno wanaingilia hapo. Maua hakuna aliyeyashuku; tuliyauza yakatengenezwe dawa ya wadudu, ndiyo yalitulisha.

Mama Chebet, jirani yetu, ndiye alitoa wadudu. Aliweka jiwe la moto kwa karai la maji, akamwaga juu yake mbegu za labotwet, kile kimti cha miiba chenye matunda ya njano, amezipaka siagi. Nikafunikwa blanketi, nimeachama juu ya moshi. Nikitoka, vijidudu vyeupe, vidogo kama viini vya mbegu, vinaelea majini, kila mtu anaguna.

"Wakirudi tena, jino ling'olewe," akasema.

Wakarudi na maua. Baba akamwita, aje na moshi wake na koleo pia. Lilikuwa jino kubwa la juu, lile likitoka halimei tena. Nikavuta moshi, vijidudu vikaonekana, uchungu ukabaki. Nyanya, mama ya baba, alikuwa na mafua siku hiyo, na kinywani hakuwa na jino hata moja.

"Sogea wewe," akaniambia. "Huo moshi unifungue kichwa kabla haujaisha."

Mama Chebet akaongeza mbegu, maji yakabadilishwa, Nyanya akajifunika. Alipotoka, karai lilikuwa na wadudu wengi kuliko wangu. Tukaangalia maji. Tukaangalia mdomo wake.

"Mama Chebet, hawa walikuwa wanakula nini kwangu?"

"Walibaki kwa fizi."

"Miaka hii yote? Basi wana uvumilivu kunishinda."

Baba hakucheka. "Mtoto halali. Ng'oa."

Likang'olewa. Lilikuwa jeupe, zima. Nyanya akaligeuza kiganjani, akasema, "Hili bado lilikuwa na kazi."

Pareto ilipochanua tena, uchungu ulirudi, ukakaa karibu na pengo.

Sasa niko Nakuru na mjukuu wangu Cherono. Nyasi zikichanua baada ya mvua, naye analala mdomo wazi, anashika shavu. Daktari wa meno alimgonga jino baada ya jino, akasema ni aleji: mizizi ya meno ya juu imepakana na mapango ya hewa kando ya pua, pua ikijaa, meno yanauma. Na mdomo ukikauka usiku kucha bila mate, mwishowe yataoza kweli. Apate dawa ya aleji, anywe maji, apige mswaki.

Jirani hapa akaniambia, "Mathe, kuna mzee anatoa wadudu kwa moshi."

"Mlete," nikamwambia. "Lakini aanze na mimi, hapa kwa pengo."

Hajamleta. Mama Chebet sikumchukia. Mtoto akilia, watu wazima wanataka kitu cha kufanya, na hata wakiona kwa macho yao wenyewe kwamba hakisaidii, bado wanakifanya. Nimechoka kubishana na hiyo. Namwekea Cherono maji kando ya kitanda, nafunga dirisha la upande wa nyasi. Asubuhi namwambia apanue mdomo, naangalia meno. Yote bado yapo.